Mkeka umechanika wikendi: jinsi ya kutafuta kosa liko wapi kwenye mbio za farasi

Mkeka, yaani tiketi yako ya beti, ukichanika Jumamosi na Jumapili, wengi wakiamka Jumatatu wanabadilisha kila kitu kwa mpigo. Wanamwacha mkufunzi waliyekuwa wakimfuata, wanahama kutoka mbio fupi kwenda ndefu, wanajiunga na kundi jipya la WhatsApp. Ni kama fundi wa bodaboda anayebadilisha plagi, kabureta na cheni siku moja kwa sababu pikipiki ilikataa kuwaka. Hata ikiwaka, hajui ugonjwa ulikuwa nini.

Kwenye beti za farasi kosa mara nyingi hukaa mahali pane: kwenye malipo, kwenye odi (namba inayozidishwa na dau kupata malipo), kwenye usomaji wa fomu (rekodi ya mbio za nyuma za farasi), au kwenye bahati. Anza na malipo, maana hayo yana jibu la hakika. Bahati iwe ya mwisho kuitwa, kwa sababu ndiyo kisingizio kinachokuja haraka kuliko vyote.

Kabla ya yote, weka mezani tiketi zote, za ushindi na za hasara (usiziache sakafuni pale kituo cha beti), jumbe za pesa za simu, na matokeo rasmi yenye odi ya kuanzia, yaani odi iliyopo mbio inapoanza, ile inayoandikwa SP. Tafuta pia maelezo ya mwendo wa kila farasi. Kwenye daftari chora safu hizi: uwanja, saa, farasi, namba ya lango analoanzia, odi uliyochukua, odi ya kuanzia, dau, hali ya uwanja ya asubuhi na ile ya wakati wa mbio, nafasi aliyomaliza, urefu wa farasi alioachwa nao na mshindi, na sababu ya kumbetia. Safu ya sababu ijazwe kabla ya mbio. Ikijazwa baada ya mbio, farasi aliyeshinda hupata sababu nzuri na aliyepoteza hupata lawama, na daftari zima linakuwa hadithi.

"Farasi wangu ameshika nafasi, pesa haijaja"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwenye madirisha ya Kampala kila Jumapili, na mara nyingi kituo hakijaiba kitu. Tazama kwanza idadi ya farasi waliokimbia kweli, si waliokuwa kwenye kadi, yaani orodha ya mbio.

Kwa masharti ya kawaida ya mbio za Uingereza, beti ya pande mbili (kushinda na kushika nafasi, E/W kwenye tiketi) hulipwa hivi. Wakikimbia farasi 4 au pungufu, hakuna nafasi, ni kushinda tu. Wakiwa 5 hadi 7, hulipwa wa kwanza na wa pili, kwa robo ya odi. Kuanzia 8, hulipwa watatu wa kwanza, kwa moja ya tano ya odi. Kwenye handikapu, yaani mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, wakiwa 12 hadi 15 hulipwa watatu kwa robo, na wakiwa 16 au zaidi hulipwa wanne kwa robo.

Sasa uone mtego: kadi ya asubuhi ilikuwa na farasi 8, mmoja akaondolewa saa moja kabla ya mbio. Wamebaki 7. Wa tatu wako hana kitu. Ukiona mbio ya farasi 8 kamili na unataka beti ya pande mbili, jua kwamba unabetia pia afya ya farasi wengine saba.

Kosa la pili ni la hesabu. Ukiandika 5,000 pande mbili, umetoa shilingi 10,000: 5,000 ya kushinda na 5,000 ya nafasi. Farasi wa odi 9.00 akimaliza wa tatu kwenye mbio ya moja ya tano, sehemu ya nafasi inalipa 5,000 × (8 ÷ 5 + 1) = 13,000. Faida ni 3,000. Farasi wa odi 5.00 akimaliza hapohapo analipa 5,000 × (4 ÷ 5 + 1) = 9,000. "Ameshika nafasi" na umepoteza 1,000. Kwa moja ya tano, chini ya odi 6.00 nafasi peke yake hairudishi pesa yako yote. Kwa robo, mpaka ni 5.00. Pitia tiketi zako za pande mbili ukihesabu ngapi zilikuwa chini ya mpaka huo. Zikiwa nusu, kosa umelipata na hujagusa fomu bado.

"Nimeshinda, lakini pesa ni pungufu kuliko ilivyoandikwa"

Sababu ni tatu, na zinaweza kuja pamoja kwenye tiketi moja.

Ya kwanza ni Kanuni ya 4. Ulichukua odi, kisha farasi mwingine akaondolewa. Kwa kuwa mbio imekuwa rahisi, faida yako (si dau) inakatwa kulingana na odi ya yule aliyeondoka. Makato ya kawaida:

odi 2.00 hadi 2.20: asilimia 45
odi 3.00: asilimia 30
odi 4.00: asilimia 25
odi 5.00: asilimia 20
odi 6.00: asilimia 15
odi 7.00 hadi 10.00: asilimia 10
odi 11.00 hadi 15.00: asilimia 5
zaidi ya 15.00: hakuna makato

Aliyebeti kwa odi ya kuanzia hakatwi, kwa sababu odi hiyo huhesabiwa kwa farasi waliopo tayari.

Ya pili ni kodi ya zuio kwenye ushindi, pale inapokatwa; kwenye hesabu zetu tutatumia asilimia 15 kama mfano. Tazama kwenye risiti imekatwa kwenye nini: faida baada ya kutoa dau, au jumla yote. Tofauti si ndogo kwa anayebeti farasi wa odi fupi.

Chukua tiketi ya 10,000 kwa odi 6.00. Farasi wa odi 4.00 ameondolewa, wako ameshinda. Faida ya 50,000 inapungua kwa robo, inabaki 37,500. Kodi ya asilimia 15 ikikatwa kwenye faida hiyo ni 5,625. Mkononi unapata 31,875 pamoja na dau lako 10,000, jumla 41,875. Odi ya 6.00 uliyoitangazia marafiki ilikuwa kweli 4.19. Hiyo 4.19 ndiyo inayoingia kwenye daftari.

Ya tatu ni farasi kufungana mstarini. Wawili wakifungana kwa ushindi, nusu ya dau lako inalipwa kwa odi kamili na nusu nyingine inahesabiwa imepotea. Kwa 10,000 kwa odi 4.00 unapata 20,000, si 40,000. Odi haigawanywi, dau ndilo linalogawanywa.

Na ikiwa matokeo yalibadilishwa na waamuzi baada ya mbio, malipo hufuata matokeo yaliyothibitishwa siku hiyo, majoki wakishapimwa uzito. Farasi akinyang'anywa ushindi wiki mbili baadaye kwa sababu ya dawa, tiketi haifufuki.

"Nilifika dirishani, mbio imeshakwenda"

Saa. Kampala iko mbele ya Uingereza na Ireland kwa saa 2 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kwa saa 3 miezi mingine. Mbio iliyoandikwa 1:35 mchana kwenye kadi ya Uingereza ni saa 9:35 alasiri kwetu mwezi Julai, na saa 10:35 jioni mwezi Desemba. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa 1 mwaka mzima. Ngong, Nairobi, ni saa ileile yetu. Andika saa za Kampala tu kwenye daftari, na zile Jumapili mbili za mabadiliko uzipigie mstari mwekundu kwenye kalenda.

"Kwenye karatasi alikuwa mzuri, uwanjani hakuonekana"

Hapa sasa tumeingia kwenye fomu, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Rudi kwenye tarakimu zilizo kando ya jina la farasi na uzisome upya, polepole. Kwenye kadi za Uingereza zinasomwa kushoto kwenda kulia, mbio ya karibuni ikiwa kulia kabisa. Tuseme imeandikwa 21/34-10. Anayesoma haraka anaona mwisho "10" na kusema alikuwa wa kumi mara moja. Sivyo. Kila tarakimu ni mbio moja: alikuwa wa 1, kisha mbio iliyofuata akapata 0, na 0 ni wa kumi au chini zaidi. Mstari mfupi unatenganisha msimu na msimu. Mkwaju unaonyesha pengo refu zaidi. Kwa hiyo ile "21" inayovutia macho mwanzoni ni habari ya zamani, ya farasi ambaye huenda leo ana miguu mingine.

Herufi nazo: P ni kuwa joki alimsimamisha njiani, F alianguka, U alimwangusha joki, R alikataa kuruka, B aliangushwa na mwenzake. B na F si ugonjwa mmoja. Aliyeangushwa na mwenzake hana kosa. Aliyeanguka mara mbili katika mbio nne za viunzi ana tatizo ambalo odi kubwa haiponyi. C ni kwamba ameshawahi kushinda kwenye uwanja huo, D kwa umbali huo, CD vyote kwa pamoja, BF ni fevareti (farasi mwenye odi ndogo kuliko wote) aliyeshindwa mara ya mwisho.

Ukiwa umesoma tarakimu vizuri na bado farasi hakuonekana, pitia sababu kwa mpangilio huu, na usimame kwenye ya kwanza inayolingana.

Hali ya uwanja. Linganisha ile ya asubuhi na ile ya wakati wa mbio. Mvua ya saa mbili inaweza kugeuza uwanja mzuri kuwa laini kabla ya mbio ya nne, na wewe uko kituoni Wandegeya ukiangalia jua. Ishara ya haraka ni orodha ya walioondolewa: wakufunzi watatu wakiondoa farasi wao kwa sababu ya uwanja, uwanja umebadilika, hata kama tangazo halijabadilika. Ishara ya pili ni muda wa mbio. Kama mbio zote za siku zilichelewa nyuma ya muda wa kawaida wa uwanja huo kwa sekunde nyingi, udongo ulikuwa mzito kuliko ulivyotangazwa. Ikiwa ushindi wote wa farasi wako ulikuwa kwenye uwanja mgumu, kesi imefungwa: yeye hana kosa, wewe hukutazama mvua.

Aina ya uwanja. Viwanja vya mchanga maalumu vya Uingereza havifanani. Wolverhampton, Newcastle na Southwell vina Tapeta. Kempton, Lingfield na Chelmsford vina Polytrack. Fomu ya Southwell ya kabla ya Desemba 2021 ilikimbiwa kwenye Fibresand, mchanga mzito uliokuwa na wataalamu wake. Farasi mzee mwenye C ya Southwell aliyoipata wakati huo hajathibitisha chochote juu ya Tapeta.

Namba ya lango. Chester ni mfano wa wazi: duara dogo la takriban maili moja, linalopinda kushoto karibu muda wote. Kwenye mbio ya furlongi 5 (kama mita 1,000), aliye lango la 11 ama anatumia nguvu zake zote kutafuta ndani, ama anakimbia nje ya kona na kufunika mita nyingi kuliko wenzake. Ukiona ulibetia lango la nje Chester kwa sababu "fomu yake ni bora", fomu haikukudanganya. Uliisoma bila ramani. Kwenye uwanja ulionyooka, usihukumu lango kwa mbio moja. Angalia kwanza kundi lilikimbilia upande gani, na mbio nyingine za umbali huohuo siku ile washindi walitokea wapi.

Uzito na daraja. Kwenye handikapu za Uingereza, alama moja (ya ubora anayopewa farasi) ni paundi moja ya uzito; Afrika Kusini alama moja ni nusu kilo. Aliyeshinda wiki mbili zilizopita akipandishwa alama 6 amebeba karibu kilo 2.7 zaidi. Swali ni kama alishinda kwa nafasi ya kufidia uzito huo. Kwa makadirio, urefu mmoja wa farasi ni kama paundi 3 kwenye furlongi 5, paundi 2 kwenye furlongi 8, na paundi 1 kwenye maili 2 na zaidi. Aliyeshinda kwa urefu mmoja na nusu kwenye furlongi 8 amewazidi wenzake kwa paundi 3 tu, labda zaidi kidogo kama joki hakumsukuma. Kumbebesha 6 ni kumwomba awe farasi mwingine. Usomaji wa "ameshinda juzi, atashinda tena" huvunjika hapa kuliko mahali pengine popote.

Mahali. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Turffontein ina kupanda kunakochosha. Farasi anayetoka Durban au Cape Town, pwani kabisa, hapimwi kwa fomu ya pwani peke yake. Anayetazama kutoka Kabale anaelewa hilo bila kuelezwa.

"Aliongoza, halafu akafa mita 200 za mwisho"

Kabla ya kuandika "hana pumzi", fanya jaribio moja. Tafuta walikuwa wapi wale wengine waliokuwa mbele katikati ya mbio.

Kama farasi watatu walishindania uongozi na wote wakamaliza nyuma, huku washindi wakitoka mkiani, mwendo ulikuwa wa kuua. Farasi wako alifanya kazi ya kinyama na tarakimu yake ya 7 inaficha mbio nzuri. Huyu hutunzwa kwenye orodha, hasa akipangwa mbio ijayo ambapo ni yeye tu anayependa kuongoza. Kama alioongoza nao wamebaki nafasi ya kwanza na ya pili, na yeye peke yake ndiye aliyezama, tatizo ni lake: umbali mrefu mno, uwanja, uzito, au mwili haujawa tayari baada ya likizo ndefu.

Kinyume chake ni yule aliyekuja kama risasi mwishoni na kumaliza wa tatu. Kituo kizima kinapiga kelele, na mbio yake ijayo atakuwa fevareti wa odi ambayo haina nyama. Mfanyie jaribio lilelile. Kama mwendo ulikuwa wa kuua, kila aliyekuwa nyuma alionekana kama risasi, kwa sababu wa mbele walikuwa wamesimama. Anayestahili sifa ni yule aliyetoka nyuma mwendo ukiwa wa polepole. Maelezo ya mwendo husaidia: "hmpd" ni kwamba alizuiwa, "wknd" aliishiwa nguvu, na ukisoma kwamba alikimbia nje ya wenzake wanne kwenye kona zote mbili, hizo ni mita halisi alizozilipa.

"Nachagua washindi, salio linashuka"

Huu ndio ugonjwa wa wasomaji wazuri wa fomu. Beti 20 za 5,000, jumla 100,000. Washindi 7, yaani asilimia 35, wastani wa odi 2.60. Kila mshindi analeta 13,000, jumla 91,000. Umepoteza 9,000 ukiwa na washindi saba. Weka kodi ya asilimia 15 ya faida na kila mshindi anabaki 11,800, jumla 82,600. Hasara 17,400.

Kwa asilimia 35 ya ushindi ulihitaji wastani wa odi 2.86 bila kodi, na takriban 3.18 ukiwa na kodi. Fevareti wa Uingereza hushinda karibu theluthi moja ya mbio. Asilimia 35 ya mchezaji wetu ni kazi ya kawaida ya soko, si kipaji.

Pima pia ukali wa odi za kituo. Gawa 100 kwa odi ya kila farasi, kisha jumlisha. Mbio ya farasi sita wa odi 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 13.00 inatoa 40 + 25 + 20 + 12.5 + 10 + 7.7 = 115.2. Kilichozidi 100 ni chakula cha kampuni. Ukiona 125 au 130 kwenye mbio ndogo ya Jumapili usiku, usomaji wako unatakiwa kuwa wa ajabu ili ubaki palepale. Na mkeka wa farasi wanne (beti moja inayotaka wote washinde) kwenye mbio za 115 unazidisha makali hayo mara nne: kwa wastani, kila 100 inarudi kama 57, kabla ya kodi. Anayelalamika kwamba "mmoja tu ndiye aliyeniharibia" afahamu kwamba fevareti wanne wenye nafasi ya theluthi kila mmoja hushinda wote pamoja takriban mara 1 kati ya 81.

Kipimo ambacho wachache hukitumia ni kulinganisha odi uliyochukua na odi ya kuanzia. Soko la dakika za mwisho linajua mengi: mvua, jasho la farasi, pesa ya watu wa zizi. Kama kati ya beti 12, tisa zilianza kwa odi ndogo kuliko yako, ulisoma kabla ya soko, hata kama zote zilipoteza. Usibadilishe kitu. Kama tisa zilianza kwa odi kubwa kuliko yako, soko lilikuwa likiwakimbia farasi uliowashika, na washindi wako wawili wa wikendi hiyo wasikufumbe macho. Angalizo moja: kukiwa na farasi aliyeondolewa, punguza kwanza odi yako kwa Kanuni ya 4, ndipo ulinganishe. Bila hivyo kila aliyeondolewa atakufanya ujione bingwa.

"Fomu haifanyi kazi kabisa"

Hakikisha ulibetia farasi wa nyama na mifupa. Skrini nyingi za vituoni huendesha mbio za kompyuta kila baada ya dakika chache, zenye majina, rangi za majoki, wakati mwingine hata tarakimu za matokeo yaliyopita. Mshindi huchaguliwa na programu ya namba za nasibu kwa uzito wa odi. Hakuna mvua, hakuna lango, hakuna mkufunzi. Tiketi hizo zitoe kwenye daftari la fomu kabisa, uzijumlishe pembeni. Wengine wakishazitoa hukuta wikendi ya farasi halisi ilikuwa sawa, na shimo lote lilichimbwa na kompyuta kati ya mbio moja na nyingine.

"Sijui pesa ilikwenda wapi Jumapili jioni"

Panga madau kwa saa, si kwa uwanja. Ukiona 5,000, 5,000, 10,000, 20,000, 40,000, hiyo ni 80,000 katika beti tano, na nusu yake iko kwenye mbio ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo uliyoisoma kwa dakika mbili. Soma safu ya sababu ya hiyo 40,000. Ikiwa tupu, hakuna fomu ya kuchunguza.

Dawa ni kutenga mfuko na kulipia dau moja kwa asilimia 1 hadi 2 yake: mfuko wa 300,000, dau 3,000 hadi 6,000, mbio ya kwanza na ya mwisho sawasawa. Mfuko ukae kwenye laini ya simu tofauti na ile ya ada na kodi ya nyumba. Ikiwa ada imeshaguswa, acha uchunguzi huu na uombe kampuni ifunge akaunti. Na aliye chini ya miaka 25 sheria ya Uganda haimruhusu kubeti, kwa hiyo kumtuma mdogo wako dirishani na tiketi ni kumtia matatani.

"Nimekagua vyote, sioni kosa"

Sasa ndipo bahati inaitwa, na inakuja na hesabu yake. Beti 12 za wastani wa odi 8.00, kwenye soko la 115, zina nafasi ya karibu asilimia 11 kila moja. Kutoka wikendi bila mshindi hata mmoja hutokea takriban mara 1 kati ya 4. Hiyo ni wikendi moja kila mwezi, kwa mtu asiye na kosa lolote. Kwa farasi wenye nafasi ya asilimia 20, kupoteza kumi mfululizo hutokea kama mara 1 kati ya 9 kila unapobeti kumi. Hukumu ya njia nzima isubiri angalau beti mia chache zenye safu zote zimejazwa.

Wale uliowaona wamekimbia vizuri kuliko tarakimu zao, waandike kwa masharti, si kwa jina tupu. Kwa mfano: "maili 1 na robo, uwanja laini, lango la ndani, alama isizidi 78, odi 5.00 au zaidi, siku 60." Alama mpya za handikapu za Uingereza hutoka Jumanne. Mtazame siku hiyo kabla hajapangiwa mbio. Kama ulihesabu anastahili 78 na amepewa 83, mfute palepale, hata kama ndiye uliyempigia kelele Jumamosi.